Siku Kumi na Nane za Uwaziri wa Jabez Tregear

Jabez Tregear alikuwa mshona matandiko ya farasi, na rafiki yangu tangu utoto wetu Cornwall. Nyie mnaomcheka kwamba alikuwa waziri kwa siku kumi na nane, njooni mnicheke mimi.

Serikali ilipoanguka kule Brisbane, makao makuu ya koloni letu, waziri mkuu mpya alikuwa amepata mawaziri wanne, akatafuta wa tano kutoka huku migodini ili tusinung'unike. Wawili walimkatalia. Ndipo akamkumbuka Jabez, mbunge wetu, akampa wizara ya ardhi. Jabez hakujali kuwa chaguo la tatu. Alitaka jambo moja tu: vibanda vyetu, vilivyosimama kwenye ardhi ya kampuni ya shaba, viwe mali yetu, tusije tukafukuzwa kama mbwa.

Ila sheria ya koloni ilikuwa hivi: mbunge akiapishwa uwaziri, kiti chake kinakuwa wazi, na lazima arudi kwa wapiga kura wake kukiomba upya.

Akarudi, vumbi hadi kwenye nyusi. Siku ya kutaja wagombea tulinyoosha mikono uwanjani, na yetu ilijaa kama msitu. Mpinzani wake, karani wa kampuni, alipata mikono ya kuhesabika, lakini akadai kura ya sanduku Alhamisi. Haki yake.

"Mwacheni ajifurahishe," nikasema. "Ameshagaragazwa huyo!"

"Hosken, Alhamisi mje," Jabez akasema. "Mikono haitoshi."

"Nenda kapige pasi koti lako, Mheshimiwa!"

Tukacheka mpaka basi. Alhamisi zamu yetu ya watu tisa ikashuka shimoni kama kawaida, kila mmoja akidhani walioko juu wanatosha. Tulipopanda, sanduku lilikuwa limeshafungwa. Jabez alishindwa kwa kura tatu, na uwaziri ukaenda pamoja na kiti.

Nilimkuta karakanani, bado kavaa koti la kuapia, anapaka uzi nta.

"Ulipiga, kaka?"

Kura ilikuwa ya siri, na hakujua kwamba nilikuwa shimoni. Mungu anisamehe.

"Nilipiga."

"Najua." Akanishika bega, machozi yanamtoka. "Sasa hao wengine, niliwakosea nini?"

Roho iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Kabla mwaka haujaisha kampuni ilivunja vibanda, changu cha kwanza. Jabez akatukaribisha kwake, nje ya ardhi ya kampuni, mimi, mke wangu na watoto. Mkewe alipolalamika kwamba nafasi ni ndogo, nilimsikia Jabez akimwambia kwamba Hosken hawezi kulala nje, maana ndiye peke yake ambaye hakumwangusha.