Sungura wa Mwezini na Maktaba ya Mtaa Wetu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni sawasawa. Siandiki ili mnionee huruma, wala mnisifu. Kalamu yangu nzito. Skuli niliiacha mapema nikaozwa, na kidogo nilichonacho nimekipata chuo cha Kurani na kwenye kisomo cha watu wazima. Naandika kwa sababu kuna watu nawashukuru, na wao hawatakijua Kiswahili maisha yao yote. Basi angalau nyinyi mjue.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Mwanangu wa kiume na mkewe walikuwa Guangzhou, wananunua mikoba na kuipeleka nyumbani Unguja. Siku hizi mnakwenda China kama mnavyokwenda sokoni Darajani. Wakati ule Waswahili wa kule tulijuana wote kwa sura, na mmoja akipika pilau wenziwe wanapata habari. Waliniita nikamwangalie mtoto wao, kwa sababu siku ya kwenda Shiling kwenye viwanda vya ngozi walitoka na basi la alfajiri, na siku ya kwenda Huangpu kupakia kontena hawakujua watarudi saa ngapi. Mtoto mwenyewe wa kike, umri wa kuanza skuli umefika, na mdomo wake ni cherehani, haukai.

Haukai kwa Kiswahili. Kichina chake kilikuwa cha bei. Angekipata wapi kingine? Kutwa alikuwa chini ya meza za maduka, anamsikiliza mama yake akivutana na malaobani, ndivyo tulivyowaita wenye maduka. Ghali. Punguza. Ya mwisho ngapi? Hakuna. Maneno hayo mtoto aliyajua kwa sauti yake na kwa mkunjo wake wa uso.

Kabla muhula haujaanza tukampeleka skuli ya mtaani. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, akamwonyesha picha ya mbwa na kumuuliza hiki nini. Mtoto akaitazama picha, akaigeuza nyuma, akabinua mdomo kama mama yake, akasema kwa Kichina kilichonyooka: "Ghali mno! Punguza!"

Walimu walicheka mpaka mmoja akavua miwani kujifuta macho. Mkazamwana wangu naye akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona mwalimu mkuu anacheka huku anatikisa kichwa. Akamwambia mwanangu polepole, ili aelewe: "Mleteni tena baada ya sikukuu yetu ya mwezi. Nitamsimulia kisa kifupi, anirudishie kwa maneno yake. Akiweza ataingia. Asipoweza, sina mwalimu wa kukaa naye peke yake."

Njiani mwanangu akasema, "Mama, wakimkataa utaondoka naye Unguja. Hawezi kukulia chini ya meza."

"Na mama yake?"

"Mama yake atamwona tukija."

"Lini?"

Akaongeza mwendo. Mkewe alikuwa mbele yetu amemshika mtoto mkono, na alisikia yote, kwa sababu aliacha kucheka. Mimi nililelewa kwa ndugu wa baba, mama yangu nikaja kumjua ukubwani, tukawa tunaamkiana kama wageni. Nilikuwa sitaki mjukuu wangu ayapate hayo. Lakini kutaka si dawa.

Mwanangu akatoa amri yake: ndani ya nyumba Kiswahili marufuku, Kichina tu, mtoto azoee. Mngeicheka nyumba ile. Mezani watu wazima wanaambiana "chumvi hakuna" na "wali mzuri, ngapi?" Mimi siwezi kuamrishwa na niliyemzaa, nikaendelea kusema nitakavyo. Mtoto ndiye aliyetii. Cherehani ikanyamaza. Akawa anakaa kwenye ngazi anachezea kamba za viatu, ukimuuliza kitu anakutazama tu.

Ghorofa ya chini alikaa bibi mmoja wa Kichina, rika langu, tuliyekuwa tukisalimiana naye kwa kuonyeshana mboga tulizonunua sokoni. Alimwona mtoto pale kwenye ngazi mara ya kwanza, akapita. Mara nyingine akasimama, akaniangalia, akanishika mkono kama anayenipeleka hospitali. Akatupeleka maktaba.

Ilikuwa maktaba ya mtaa, si kubwa, nyuma ya soko la samaki. Wazee wa kiume walikuwa wanasoma magazeti yaliyobanwa kwenye fimbo ndefu kama bendera. Chumba cha pili wazee wengine wanafundishana kuandika kwa brashi. Chumba cha ndani cha watoto, na Jumamosi waliwasomea kwa sauti, kisha wanakata taa za karatasi. Mlangoni walibandika orodha ya vitabu walivyopendekeza vya majira ya majani kupukutika, ingawa mjini kwao jua lilikuwa linachoma na jani lililoanguka sikuliona. Kila kitabu kilichorewa picha yake: bata wanaosafiri, mpunga unaovunwa, mwezi. Hata mimi nilijua cha kuchagua. Hilo nalo nawashukuru, kwa sababu ni mara chache nimeingia mahali pa vitabu nisijione punguani.

Kisha nikaingia chumba cha watoto. Vitabu vyote vile vya msimu vilitandazwa sakafuni, juu ya mkeka! Watoto wanakaa katikati yao, miguu huku na huku, kitoto kimoja kimekiegemeza kisigino kwenye kurasa.

Nyinyi mnajua nilivyolelewa. Chuoni kwetu juzuu inakaa kwenye marufaa, kile kibao cha kuisomea, na karatasi yoyote yenye maandishi ukiikuta chini unaiokota, unaiweka palipoinuka. Sikumngoja mtu. Nilivikusanya vyote, nikampokonya hata yule wa kisigino, nikavipanga juu ya kabati, kule juu kabisa. Nikajifuta mikono, nikaridhika.

Watoto wakanitazama. Wakatazama kabati. Mmoja akaanza kulia.

Akaja msimamizi wa chumba, mwanamke mwembamba aliyenong'ona hata akifurahi. Sikuwa na Kichina cha kumjibu, wala cha bei. Nikamwonyesha mguu wangu, nikatikisa kidole. Nikachukua kitabu kimoja, nikakibusu, nikakigusisha kwenye paji la uso. Mjukuu wangu alitaka sakafu immeze.

Akanivuta buibui, kichwa akielekeza mlangoni.

"Kaa. Hatukuiba."

Bibi wa ghorofa ya chini ndiye aliyenitetea. Alisema maneno mengi, na msimamizi akawa anaitikia kwa kichwa. Baadaye mkazamwana wangu aliniulizia, nikaambiwa kwamba na kwao wazee wa zamani hawakuikanyaga karatasi yenye maandishi. Waliikusanya wakaichoma mahali pake, kwa adabu. Kumbe nilikuwa ugenini lakini si peke yangu.

Jumamosi ya pili tulikuta benchi refu, fupi la miguu, kimo cha mtoto. Vitabu viko juu yake, mkeka umebaki wa makalio. Msimamizi akanionyesha kwa mkono: wewe ndiye utakayepanga. Nikapanga, kila Jumamosi. Watoto wakawa wananiita "popo", kwao ni bibi. Niliambiwa ni heshima, nikanyamaza, lakini kwetu mwenye jina hilo hulala kichwa chini.

Kwenye benchi lile mjukuu wangu alikuwa anaokota kitabu kimoja tu. Ndani yake kuna sungura, yuko mwezini, ana kinu na mchi.

"Bibi, sungura anatwanga."

Ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kwake siku nyingi zile, na aliyasema kwa Kiswahili, kwa kuiba. Msimamizi aliyasikia. Mkazamwana wangu alipokuja kutuchukua, msimamizi akamweka kando na kuzungumza naye, na yule akarudi kwangu amekunja uso.

"Mama, eti anasema mtoto asikatazwe lugha yake. Eti wewe umhadithie kwanza nyumbani kwa Kiswahili, kisha yeye amsomee hapa kwa Kichina kisa kile kile. Atajua tayari kinachotokea, hataogopa."

"Nimemwelewa kabla hujafasiri."

"Baba yake atakataa."

"Baba yake nilimhadithia mimi mpaka akaota ndevu. Na akatae."

Hakukataa. Alisema "hm," akaingia kuoga.

Basi tukafanya hivyo. Nyumbani naangalia picha, najaza mwenyewe: sungura anatwanga nini, nani kamwazima kinu, kwa nini hashuki. Nikisema "Paukwa!" anaitika "Pakawa!" mpaka jirani anagonga ukuta. Jumamosi anakisikia kisa kwa Kichina, midomo inamchezacheza. Kumbe masikio yalikuwa yamejaa zamani, ulimi ndio uliofungwa. Akaanza kuwajibu watoto wenziwe. Akaanza kugombana nao, nikajua sasa anasema. Siku ya kukata taa za karatasi msimamizi alimkalisha pembeni yake, mtoto akawa anawasimulia wengine ukurasa mmoja, kisha mbili. Mama yake alisimama mlangoni na mzigo wa vitambaa mkononi, hakuutua.

Sikukuu ya mwezi ikapita. Bibi wa chini alituletea keki zao za mviringo. Akanichorea nguruwe kwenye kiganja, akamfuta, kunihakikishia kwamba mafuta yake hayamo. Asubuhi ya skuli ikafika.

Mwalimu mkuu alisimulia kisa cha bata aliyechelewa kuondoka na wenziwe. Mtoto akasikiliza, mikono magotini. Alipoambiwa "haya, nirudishie," akavuta pumzi na kusema kwa nguvu: "Paukwa!"

Mwalimu akamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama chini. Mtoto akangoja, na mimi nilijua kwamba hatasema hata neno moja mpaka aitikiwe, kwa sababu ndivyo nilivyomzoesha. Nilikuwa nimeambiwa nikae nje, na yote haya nayaona dirishani. Nikafungua mlango.

"Pakawa!"

Basi akaanza. Kwa Kichina, moja kwa moja, bata na baridi na ziwa, na akaongeza mambo yake ambayo hayakuwamo. Mwalimu mkuu hakumkatiza. Mtoto alipomaliza, mwalimu alimuuliza kitu kuhusu bata yule, wakabishana kidogo, kisha mwalimu akamwandikisha darasani.

Nje mkazamwana wangu aliniinamia akanibusu mkono, na hajawahi kunibusu hivyo hata siku ya harusi yake. Mwanangu akasema, "Mama, alhamdulillah. Kesho Jumamosi, nikiwahi Shiling naweza kupata mzigo..."

Nikamwacha amalize. Tulipofika nyumbani niliwasimamisha wote jikoni. Nikawaambia hivi: "Kesho hakuna anayekwenda kununua mikoba. Mwanamke yule wa chumba cha watoto amekurudishieni mtoto wenu, na hatumwendei mikono mitupu. Wewe mke, loweka mchele wa vitumbua. Wewe mume, vua saa hiyo, kaa kwenye mbuzi ukune nazi. Na asubuhi mtavibeba nyinyi wenyewe, mkononi, mpaka maktaba."