Kizimba cha Mtoto Kutoka Lamadi

Sikukipenda kile kizimba tangu baba mtoto alipokiteremsha kwenye bodaboda. Alikuwa amekipata gulioni Lamadi, kwenye mitumba: kitu cha kukunja, chenye nyavu pande zote nne, cha kumweka mtoto achezee ndani wakati mama yake ana kazi. Ubavuni palikuwa na karatasi ya maelezo iliyokwanguliwa, imebaki gundi tu. Nikajiuliza, nani anakwangua maelezo ya kitu kizima?

"Wewe unashuku hata mvua," baba mtoto akasema.

Basi, na nishuku. Nilibonyeza bomba la ukingo wa juu kwa kiganja, likanywea katikati, kwenye bawaba. Nikalinyanyua, likasimama. Nikabonyeza tena, likanywea tena. Na mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama kwa kujishikilia, akikuta ukingo wowote anaegemeza kidevu.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye hapa pembezoni mwa Bariadi, alicheka. Kwake lile lilikuwa zizi la ndama, na zizi likilegea linafungwa. Alileta kamba, akaizungusha kwenye bawaba, akakaza fundo. "Haya, bonyeza sasa, ng'wanone, mwanangu," akaniambia. Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote, bomba halikutikisika. Hata hivyo sikuliamini moja kwa moja. Kila asubuhi nililikagua lile fundo kabla ya kunywa chai.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua masufuria, namsikia mtoto ndani anabwabwaja. Halafu kimya. Mtoto wa umri ule akinyamaza, mimi huwa siamini. Niliingia mbio. Bomba lilikuwa limenywea, na shingo ya mwanangu imebanwa kwenye ule mkunjo, mdomo wazi, sauti haitoki. Nilimnyakua. Alipolia, nikakaa naye sakafuni.

Kamba haikuwepo. Nilipoinuka nilitoka na mtoto kifuani, hasira zimenijaa, mpaka zizini. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa anakamua, na miguu ya nyuma ya ng'ombe imefungwa kwa kamba ile ile. Ya kukamulia ilikuwa imekatika, akachukua iliyokuwa karibu, akijua ataimaliza kazi na kuirudisha.

"Mayu," nilimwambia, "hiyo kamba ndiyo iliyokuwa imemshika mtoto."

Alimtazama mjukuu wake, akamtazama ng'ombe, chombo kikamponyoka, maziwa yakamwagika yote. Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa, kwa sababu alikuwa ameanza kulia.

Usiku ule nilikitafuta kizimba kwenye simu. Picha ilikuwa yenyewe, mpaka maua ya kwenye nyavu. Huko kilikotengenezwa, wenye navyo walikuwa wametakiwa kuvirudisha, kwa kuwa bawaba hujikunja na watoto wamekabwa. Baba mtoto alisoma, akaenda kuchukua nyundo, akakivunja.

Gulio lililofuata nilikwenda Lamadi mwenyewe na mtoto. Palikuwa na kingine, bawaba ile ile, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakizunguka.

"Dada, usikichukue hicho. Kilitaka kuniulia mtoto."

Alinitazama juu mpaka chini, kisha akakishika kwa mikono miwili. "Umekitamani," akasema. "Mimi ndiye niliyetangulia."

Nikamfunua mwanangu shingo ili aone alama ya lile bomba. Ilikuwa imeshafutika.