Chupa Iliyozunguka Meza

Nimekulia Dagoretti, jirani na machinjio, kwa hivyo harufu mbaya hainitishi. Lakini ile chupa ilinipotezea hamu ya chakula.

Aliileta mama mmoja muuza samaki kutoka Pwani, kwenye mkutano ofisini kwetu, katikati ya jiji. Meli ilikuwa imemwaga mafuta machafu karibu na ufuo wao. Mama akaweka chupa ya maji ya bahari mezani, meusi tititi, akafungua kifuniko. "Nuseni," akasema.

Tulikuwa tumeanza kwa maombi, bila shaka. Watu wa kaunti wakasema bahari ni ya serikali kuu. Wakubwa wangu, ambao ndio hiyo serikali kuu, wakasema uchafu ukishafika ufuoni ni wa kaunti. Kila aliyemaliza kusema aliisukuma chupa mbele ya mwenzake. Ikazunguka meza nzima, watu wakitafuna sambusa. Hakuna aliyeuliza jina la meli. Kinyaa!

"Sasa nikawaambie nini wenzangu?" mama akauliza.

"Tumekusikia, mama," mwenyekiti akajibu, kisha akaomba mtu atufungie kwa sala.

Baada ya amina tukafanya yale ya kila mkutano: watu wakajaza mikoba yao chupa za maji ya kununua zilizobaki, wapeleke nyumbani. Hapo hakuna aliyebishana maji ni ya nani. Meza ikasafishwa kabisa, ikabaki chupa moja tu, ile ya mama.