Muoka Mikate Aliyeitwa Kurusha Mpira Wakati wa Vita

Nafundisha historia ya uchumi katika chuo kimoja kidogo hapa Saint Paul, na kila muhula kuna juma ninaloliogopa: juma la benki kuu. Wanafunzi husinzia waziwazi. Mwaka juzi nilikuwa nikimlalamikia jirani yangu wa Roseville, kitongoji ninakoishi, mjane wa miaka tisini na sita. Namwita Bibi, naye amelizoea jina hilo.

"Unawafundisha nini hasa?" akaniuliza.

Nikamweleza kuwa ni habari za vita kuu ya pili: serikali ilivyouza hati fungani kwa wananchi ili ipate fedha za vita, na benki kuu ilivyoishikilia riba chini ili mkopo usiwe mzito.

"Mimi niliuza stempu za kununulia hati hizo," akasema. "Uwanjani, kwenye besiboli."

Ndipo nikasikia habari za baba yake. Alikuwa muoka mikate wa miaka arobaini na tatu, mwenye goti bovu, ambaye ujanani alicheza besiboli ya ligi ndogo kwa muda mfupi tu kisha akaachwa. Vita vilipowachukua vijana, timu ya mji wao ilibaki na watu wazima na wanafunzi. Meneja akamfuata mpaka kwenye tanuri, akamwomba arudi kurusha mpira. Mzee akakubali kabla hata ya kumuuliza mkewe.

Nikamwomba Bibi aje darasani. Alikuja na koti jekundu, akakataa kiti. Akasimulia jinsi alivyopita katikati ya watazamaji na kisanduku chake, watu wakinunua stempu mojamoja na kuzibandika kitabuni mpaka zitoshe kubadilishwa kwa hati. Akasimulia na mechi ya kwanza ya baba yake.

"Wapinzani waliipiga mipira yake watakavyo. Kila alichorusha kilirudi kikipita juu ya kichwa chake. Tulifungwa kumi na nne kwa mbili. Asubuhi nikamkuta anakanda unga huku akipiga mluzi."

"Kwa nini waliendelea kumchezesha?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Hakukuwa na mwingine."

Darasa zima likacheka. Binti aliyekaa nyuma akauliza kwa nini watu walinunua hati ilhali riba ilikuwa ndogo vile.

"Kaka yangu alikuwa vitani," Bibi akasema. "Nani angeuliza riba? Alirudi salama, akaongeza na kitambi."

Hapo nikachukua chaki. Nikaeleza jinsi bei zilivyopanda baada ya vita, na jinsi benki kuu ilivyovutana na hazina ya serikali mpaka ikapata uhuru wa kupanga riba yenyewe. Hakuna aliyesinzia.

Nilipokuwa nikimrudisha nyumbani kwa gari, Bibi akanigeukia. "Kwa hiyo bei zilipopanda, hati zetu zilipungua thamani?"

"Kiasi, Bibi."

"Na wewe ulilijua hilo siku zote."

Juma lililofuata, somo likiwa mfumuko wa bei, alikuja tena bila kualikwa, akaketi mstari wa mbele na maswali matatu kwenye karatasi. Aliinua mkono kabla sijashika chaki.