Tulioitwa Wagumu Kufikiwa

Mtaalamu wa afya, Mkenya mwenzetu, alikuja kwenye kikao chetu mtaani Balsall Heath, Uingereza, kutuarifu kwamba sisi vijana weusi, mashoga na waliobadili jinsia, ni wagumu kufikiwa na huduma za afya. Basi lilikuwa limemshusha mlangoni. Rafiki yangu, msichana aliyebadili jinsia, alimpa pole ya safari, chai na sambusa, kisha akamuuliza:

"Dada, umetuletea vile vidonge vya kujikinga na virusi vya Ukimwi?"

"Leo nimeleta vipeperushi tu, wapendwa."

Jalada la vipeperushi lilikuwa na picha ya wazee wawili wa Kizungu wakitembeza mbwa. Tulijiona kabisa.

Jumamosi tulikwenda kliniki wenyewe, tukapimwa, tukapewa vidonge. Rafiki yangu aliposikia hana virusi alilia, akasingizia vitunguu, ingawa kliniki haina jiko.