Nguruwe Yuko Nje

"Bibi Sikudhani, umetoka kuswali sasa hivi, unatajaje nguruwe kwenye salamu?" jirani yake, Brigita, aliwahi kumuuliza.

Asubuhi hii Sikudhani Rashidy yuko juu ya dungu, jukwaa la kulindia mazao, katikati ya shamba la mahindi, Nandagala wilayani Ruangwa. Anagonga debe, ananyamaza, anasikiliza. Mahindi ya upande wa bondeni yanatikisika, kisha yanatulia.

"Ameondoka," anasema. "Lakini hajaenda mbali."

Kazi yake ni kuamia, kuwazuia nguruwe pori wasile mazao. Aliianza alipofiwa na mume. Msimu ukiisha hulipwa magunia mawili ya mahindi.

"Si haba, alhamdulillahi. Hatushibi sana, ila hatulali njaa."

Catherine, binti wa Brigita anayesoma sekondari Nachingwea, ndiye aliyemweleza kwamba Waingereza wana msemo wao. Mtu akipata riziki ya kutosha chakula tu, husema amemzuia mbwa mwitu asifike mlangoni.

Sikudhani akauliza kama huyo mbwa mwitu ameuawa. Akajibiwa hapana, yuko nje, kesho atarudi.

"Basi Mwingereza naye anaamia," alisema.

Tangu hapo, akiulizwa habari za nyumbani hujibu, "Nguruwe yuko nje." Brigita aliyeshangaa naye siku hizi hujibu hivyo hivyo, hata akitoka misa.

Wiki iliyopita mwenye shamba, Hamidi, alikuja na chupa ya sumu. Nguruwe walikuwa wamelaza mahindi mengi, naye alikuwa amechoka. Alitaka ichanganywe na pumba, iwekwe njiani mwao.

Sikudhani alimkumbusha kwamba wao wawili hawali nguruwe, lakini kwa Brigita wanakula, na mzoga ukionekana bondeni hautaachwa. Hamidi akasema watajijua wenyewe. Kama hataki, atatafutwa mwingine.

Yale magunia Sikudhani alikuwa ameshayapangia: moja la kula, jingine auze, anunue mbegu za ufuta. Mungu akipenda, mwakani aamie cha kwake.

Alishuka taratibu, akamkabidhi debe.

"Mwanangu, mimi uliniita kuamia. Kuua majirani hukuniita."

Hamidi alilishika debe, macho yake kwenye moshi wa jikoni kwa Brigita. Kisha akalirudisha juu ya dungu, akaokota chupa yake, akatoka shambani.