Nusu ya Mdundo Iliyobaki Bokoli

Wengine huondoka kwao kutafuta kazi, wengine kufuata mume. Mimi niliondoka Kitale kufuata mdundo wa vijiko. Kila Aprili, mvua ikishakata na jua likatoka ghafla, mama yangu alikuwa akichukua vijiko viwili na kugonga ukingo wa meza ya jikoni. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena, akanyamaza kidogo zaidi. Nilipomuuliza anapiga nini, alijibu, "Naita chiswa." Chiswa ndio kumbikumbi, kwa lugha ya kwao Bokoli. Hakuna kumbikumbi aliyewahi kutoka kwenye sakafu yetu ya saruji, lakini mama hakuacha kuwaita mpaka alipofariki.

Chuo kikuu nilisomea muziki. Tasnifu yangu ilihusu midundo ya kazi ndogondogo za wanawake: kutwanga, kupepeta, kuita wadudu. Mdundo wa mama niliuandika kwa kumbukumbu tu, na juu ya zile nyamaza-nyamaza zake nilijenga sura nzima, nikieleza kwa maneno makubwa jinsi ukimya ulivyo pambo la muziki wa kwao. Msimamizi wangu aliisoma, akavua miwani. "Zaituni, hii ni nzuri mno," alisema. "Mwingine anayeujua mdundo huu ni nani?" Nilijua ni mmoja tu, Nafula, dada mkubwa wa mama. Na Nafula hakuwa amezungumza nasi tangu mama azikwe.

Asubuhi ya safari nilimkuta Salim, jirani yetu, akifunga turubai la lori lake. Alikuwa amepakia mahindi Moi's Bridge na anayapeleka Bungoma. Baba, ambaye ni fundi cherehani, alitoka dukani kwake karibu na msikiti akiwa na tepu shingoni. Alinikabidhi leso mpya iliyokunjwa vizuri. "Mpe shemeji," alisema. "Akikataa kuipokea, usibishane naye." Kisha akarudi ndani haraka. Nilijua hakuwa na mteja yeyote mle.

Tulipopita Kiminini Salim aliniuliza naenda kufanya nini hasa. Nikamweleza. Alicheka mpaka nikaogopea usukani.

"Ati unasoma chuo kikuu ili upigie wadudu ngoma? Si ungeniuliza mimi, bana! Ningekufunza bure."

"Wewe unajua kuita kumbikumbi?"

"Mimi najua kuwala."

Mlima Elgon ulikuwa kulia kwetu, umejifunika mawingu hadi kiunoni. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na kila shamba lilikuwa na watu wanaopalilia. Mama aliipita barabara hii mara moja tu akiwa msichana, ndani ya gari la harusi, na jina lake likabadilika kutoka Nekesa kuwa Mariamu. Alirudi kwao mara chache kama mgeni, akiwa na haraka ya mgeni. Daraja la Kamukuywa lilipotokea nilipata uchungu wa ghafla. Nilimtamani pale kando yangu, aniambie ile nyumba ni ya nani na ule mti ulipandwa lini. Nilikuwa nimesomea mambo mengi, lakini sikuwa nimemuuliza mama barabara ya kwao.

Misikhu niliteremka. Salim aliahidi kunipitia hapo kesho akirudi. Nikapanda boda boda ya baiskeli, kiti kimeshonewa mto wa rangi nyekundu na nyuzi za kuning'inia. Mwendeshaji, mzee wa makamo, alipanda vilima vya Bokoli bila kupumzika, akaniambia kwamba mvua ya jana ilikuwa nzuri na leo lazima chiswa watatoka kwa wenye bahati. Nilishika mkoba wenye kinasa sauti na kuomba Mungu niwe miongoni mwa hao.

Bokoli, nilimkuta Mama Mkubwa shambani, jembe mkononi. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba nikamsalimu kwa neno alilonifunza mama: "Mulembe."

Alinyanyuka polepole. Alikuwa na paji la uso la mama, na ule mdomo wa chini unaotangulia mbele kama wa mtu anayetaka kukosoa.

"Mulembe. Wewe ni mtoto ya Nekesa."

"Ndiyo, Mama."

"Mnafanana." Akainama, akamaliza mstari wake wote wa mahindi kabla ya kunikaribisha.

Nyumbani alinipa chai. Katika nyumba ya Wabukusu, watu wa kwao mama, mgeni hapewi chai tupu. Mgeni wa mbali huchinjiwa kuku, na yule niliyekuwa nikimwona akichakura uani alikuwa amenona. Nilinywa chai yangu huku namtazama yule kuku, na nikaelewa vizuri nimepokelewa vipi. Leso aliipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuikunjua.

Nilimweleza kazi yangu. Nikamwomba anipigie mdundo wa chiswa, peke yake, taratibu, ili ninase kila pigo.

"Siwezi," alisema.

"Hata kidogo tu, Mama?"

"Nimesema siwezi. Peke yangu siwezi."

Nilidhani ananinyima kwa hasira, na kusema kweli na mimi nikaudhika. Nikataja mazishi, jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolitaja. Nilisema baba alimtumia habari asubuhi ileile mama alipofariki.

"Habari ilifika," alisema. "Mimi nikalia. Harafu nikasaga unga, nikatafuta jogoo, nikaambia majirani tuende. Nikasema niko na siku. Kwetu mtu analala nyumbani kwanza. Watu wanakuja, wanamwona, wanaongea na yeye. Mimi nafika Kitale siku ya pili, naambiwa ati alizikwa jana kabla jua iingie. Nekesa wangu! Nilienda na jogoo, nikarudi na jogoo."

Kwetu kumharakisha marehemu kaburini ni kumheshimu, na baba alitimiza heshima hiyo machozi yakimtoka. Kwake kungoja ndiyo heshima, na naye aliitimiza kwa kusaga unga. Kila mmoja alimpenda mama kwa desturi yake, na kati ya desturi hizo mbili mtu mmoja akakosa kumwona ndugu yake mara ya mwisho. Nililia hapo mezani mbele ya kikombe cha chai. Hakunibembeleza, ila alisogeza kiti chake karibu na changu.

Mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, ikakata, na jua likatoka. Vidole vyangu vilianza kugonga meza vyenyewe. Ni mazoea tu, nilikuwa nikivigonga hivyo hata maktaba mpaka wenzangu wananifukuza. Niligonga, nikanyamaza, nikagonga, nikanyamaza kidogo zaidi.

Mama Mkubwa aliacha kupanga vyombo.

"Nani alikufunza hiyo?"

"Mama. Alikuwa anapiga jikoni, kwa vijiko."

"Alikuwa anapiga na nani?"

"Peke yake."

Alikaa chini. Alifunika uso kwa kanga yake. Nilidhani nimeongeza kosa. Lakini alipojifunua aliniambia, "Toa viatu. Twende."

Nyuma ya nyumba, chini kidogo ya migomba, palikuwa na kichuguu kilichofunikwa na nyasi ndefu. Alinieleza huku anafyeka. Vichuguu vya pale vina wenyewe, na kile baba yao aliwaachia wasichana wake wawili. Kila jua la baada ya mvua walikuwa wakikipiga pamoja. Nekesa alipoolewa Kitale, Nafula alijaribu na wifi yake, lakini hawakupatana mikono. Akakiacha. Tangu hapo chiswa amekuwa akinunua sokoni.

Tulisafisha tundu, tukakita mbele yake gogo dogo la kupigia, tukalifunika tundu kwa matawi na blanketi kuukuu, tukaacha mlango mdogo unaoelekea kwenye sufuria. Alinipa fito mbili na yeye akashika mbili. Ndipo nikamkumbusha kwamba ningependa aanze yeye peke yake.

"Wewe umesoma lakini husikii," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hii ni mvua tunawapigia, na mvua haitembei na mguu moja. Hawa wadudu wanajua. Piga yako."

Nikapiga yangu. Niligonga, nikanyamaza. Na pale penye ukimya, pale hasa nilipoandikia kurasa za maneno makubwa, fito za Nafula zikaingia. Ziliingia kila mahali mama aliponyamaza, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, mpaka haikubaki nafasi hata ya punje. Mdundo niliokuwa nikiusikia tangu utoto haukuwa na ukimya wowote. Ulikuwa nusu. Mama alikuwa akipiga upande wake na kumwachia dada yake nafasi, Aprili baada ya Aprili, mezani petu Kitale, na sisi tukala chakula tukidhani anajifurahisha.

Nilikosea mara mbili kwa sababu ya machozi. "Shika," alisema Mama Mkubwa kila mara, bila kusimama, na nikashika. Tulipiga mpaka mikono ikawaka. Kisha akatoka kumbikumbi mmoja, akasitasita mlangoni, akafuatwa na wengine, na mara wakawa wanamiminika kwenye sufuria kwa mbawa zao za kung'aa. Mama Mkubwa alipiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani. "Nekesa!" aliita, ananitazama mimi. "Nekesa, wametoka!" Sikumsahihisha. Kinasa sauti kilibaki nyumbani ndani ya mkoba, na wala sikukikumbuka.

Jioni yule kuku wa uani alichinjwa.

Kesho yake, Salim aliposimamisha lori Misikhu, alitukuta wawili. Mama Mkubwa alikuwa amejitanda leso ya baba na kupakata kopo la chiswa waliokaangwa. "Mzigo uko na mzigo wake," Salim alisema, akamsaidia kupanda kwa adabu zote, na kabla hatujafika Kamukuywa alikuwa ameshakula kopo lile robo. Njia nzima Mama Mkubwa alinionyesha nyumba. Ile ni ya fulani, ule mti ulipandwa fulani alipooa. Nilimsikiliza kwa njaa.

Kitale, baba alitoka dukani akasimama mbele yake, tepu ingali shingoni. "Shemeji," alisema, "tulifanya haraka. Hatukujua kama tunakunyang'anya." Mama Mkubwa alimpa kopo na kumwambia asiwagawie watoto wa mtaa chiswa wote.

Msimamizi wangu baadaye aliniuliza rekodi iko wapi, nikamwambia sina, ila nina mdundo mzima mikononi na naweza kuupiga akitafutwa wa kunijibu. Sura ya ukimya niliifuta yote. Mahali pake niliandika kwamba mtafiti akikuta nafasi tupu katika muziki wa watu, kabla ya kuisifu aulize kwanza ni zamu ya nani.

Lakini alasiri ya siku ileile tuliyofika Kitale, nilimpeleka Mama Mkubwa makaburini. Wanawake wa kwetu hatuna desturi ya kuingia, kwa hiyo tulisimama nje ya ukuta, nikamwonyesha kwa kidole: pale, karibu na ule mwerezi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka vidole vyake juu ya ukuta na kuanza kupiga upande wake.

Vidole vyangu vilinyanyuka vyenyewe kumjibu. Akanishika mkono.

"Acha," alisema. "Hapo ni pake."

Nikaushusha mkono. Aliendelea kupiga, na kila alipofika penye nafasi alinyamaza, akamngoja mdogo wake, kama mdogo wake alivyomngoja yeye jikoni kwetu miaka yote ile.